Sifuri si nafasi tupu: Safari ya taarifa kutoka fomu ya mtandaoni hadi kumbukumbu ya kompyuta

Na Mwandishi Wetu

KILA mwezi unapomalizika, watumishi wa zahanati na vituo vya afya nchini hufungua vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na kuanza kuhesabu. Wagonjwa wa nje wamo katika Kitabu cha 5, akina mama waliojifungua wamo katika Kitabu cha 12, na hesabu zote hujumlishwa kabla ya kunakiliwa kwenye fomu ya taarifa ya mwezi.

Kwa zahanati ya kijijini katika kata kama Zombo, iliyoko jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi ni fomu hiyo ya karatasi kupelekwa makao makuu ya wilaya. Huko mtumishi huketi mbele ya kompyuta na kuziandika tarakimu hizo, moja baada ya nyingine, katika fomu ya mtandaoni.

Tuchukue mfano. Katika mstari wa vifo vya watoto wachanga, muuguzi wa kijijini ameandika 0. Mstari unaofuata ameuacha mtupu kwa sababu kitabu kilichohusika kilikwisha kurasa katikati ya mwezi, naye hakutaka kubuni hesabu.

Kwa binadamu anayeisoma karatasi ile, hayo ni mambo mawili tofauti. Sifuri inasema hakuna mtoto aliyefariki. Nafasi tupu inasema hatujui. Kwa kompyuta, tofauti hiyo yaweza kufutika katika sehemu ndogo ya sekunde, na ikishafutika hakuna takwimu ya mkoa wala ya taifa itakayoweza kuirudisha.

Mahali inapofutika ni pale ambapo programu hulichukua neno lililoandikwa katika kisanduku cha fomu na kulikabidhi kwa sehemu yake ndani ya kumbukumbu. Wataalamu huiita kazi hiyo kufungamanisha visanduku vya fomu na sifa za objekti. Ni kazi ambayo mtumiaji haioni, na ambayo hata baadhi ya watengenezaji wa programu huiachia mashine ijifanyie yenyewe.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika, inavyoweza kupotosha taarifa, na kwa nini inamhusu mwananchi anayejaza fomu za mtandaoni za ajira, mikopo ya elimu, kodi au matibabu.

Yote husafiri kama maandishi

Mtu anapobonyeza kitufe cha kutuma, kivinjari hakipeleki fomu yenyewe. Kinapeleka jozi za majina na maandishi. Kisanduku kilichopewa jina la "uzito" na kujazwa 3.2 kitasafiri kama "uzito=3.2", na kisanduku cha "kata" kitasafiri kama "kata=Zombo".

Katika safari hiyo hakuna namba, hakuna tarehe, wala hakuna ndiyo au hapana. Yote ni herufi tu. Kompyuta inayopokea, ambayo huitwa seva, haina njia ya kujua kwamba 3.2 ni uzito wa mtoto kwa kilo na wala si jina la barabara, isipokuwa mtu awe ameiambia.

Upande wa seva, taarifa hutunzwa katika objekti. Msomaji anaweza kuifikiria objekti kama jalada la mtu mmoja lililofunguliwa mezani. Jalada lina nafasi zake, nazo huitwa sifa: jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito, makazi. Kila sifa imetangaziwa aina yake. Uzito lazima uwe namba, tarehe lazima iwe tarehe.

Zamani mwandishi wa programu alilazimika kuandika kwa mkono maelekezo ya kila kisanduku: chukua neno hili, ligeuze kuwa namba, liweke katika sifa hii. Fomu yenye visanduku 80 ilihitaji maelekezo 80, na kuchoka au kukosea katika moja lilikuwa jambo la kawaida.

Ndipo vikaja viunzi, yaani mikusanyiko ya programu zilizokwisha kuandikwa ambazo mtengenezaji huzijengea mfumo wake juu yake. Mwaka 2000 Craig McClanahan alianzisha Struts kwa lugha ya Java. Machi 2004 lilitoka toleo la kwanza kamili la Spring, lililotokana na kazi ya Rod Johnson, na mwaka huo huo kikatangazwa Ruby on Rails, kiunzi cha David Heinemeier Hansson. Vyote viliahidi kumpunguzia mwandishi kazi hiyo ya kuchosha.

Jina ndilo daraja

Siri ya viunzi hivyo ni jina. Kiunzi hulipokea jina la kisanduku, kikaikagua objekti na kutafuta sifa yenye jina lile lile. Katika Java, kwa kufuata desturi iliyowekwa na kanuni za JavaBeans za mwaka 1997, kisanduku cha "uzito" hutafutiwa mbinu inayoitwa setUzito. Ikipatikana, kiunzi huigeuza thamani kuwa aina inayotakiwa na kuikabidhi.

Jina linaweza pia kuwa njia ndefu. Kisanduku kilichoitwa "mama.makazi.kata" humwelekeza kiunzi afungue jalada la mama, ndani yake afungue sehemu ya makazi, kisha humo aandike kata. Neno Zombo hupita milango mitatu kabla ya kufika linakokwenda, na mwandishi wa programu hakuandika hata mstari mmoja wa maelekezo.

Urahisi huo una gharama. Iwapo mtengenezaji wa ukurasa amekosea akaandika "uzto" badala ya "uzito", viunzi vingi, Spring kikiwamo kwa mpangilio wake wa kawaida, havitalalamika. Vitaona jina lisilo na mwenyewe na kulipita kimya. Mtumiaji atajaza, atabonyeza, ataoneshwa ujumbe wa shukrani, na uzito hautahifadhiwa.

Kosa la aina hii ni gumu kuligundua kwa sababu hakuna kinachoharibika mbele ya macho. Hugundulika miezi kadhaa baadaye, pale mtu anapotaka kuitumia safu hiyo ya takwimu na kuikuta haina kitu.

Maandishi yanapogeuzwa namba

Baada ya jina kupatana, hufuata kazi ya kugeuza. Hapa ndipo desturi za mahali hugongana na desturi za aliyetengeneza programu.

Mfano wa kwanza ni tarehe. Mtanzania anapoandika 03/04 anamaanisha tarehe 3 Aprili. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itasoma Machi 4. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu zote mbili ni tarehe halali. Mama mjamzito aliyetoa tarehe ya hedhi yake ya mwisho ataongezewa takriban mwezi mzima katika umri wa mimba yake. Tarehe 25/04 ingekataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na hivyo mfumo ungeonekana kufanya kazi vizuri siku fulani na vibaya siku nyingine.

Mfano wa pili ni koma. Watu waliosoma kwa Kifaransa, kama ilivyo mashariki mwa Kongo, huandika kilo tatu na gramu mia mbili kama 3,2. Zana moja ya Java inayotumika kusoma namba, ikiwa imewekwa katika taratibu za Kiingereza, huichukulia koma kuwa kitenganishi cha maelfu na kuipuuza. Mtoto mchanga wa kilo 3,2 huingia katika kumbukumbu akiwa na kilo 32.

Mfano wa tatu ni namba ya simu. Mtengenezaji akiitangaza kuwa namba, 0 ya mwanzo hupotea, kwa maana katika hesabu sifuri mbele ya namba haina thamani. Simu iliyoanza kwa 07 hubaki inaanza kwa 7.

Mfano wa nne unamhusu kila mwenye kitambulisho cha taifa. Namba inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba kamili kubwa kuliko zote inayoweza kuingia katika aina ya "long" ya Java ina tarakimu 19 tu. Kwa hiyo namba ya NIDA haiingii humo kabisa. Katika JavaScript, lugha ya vivinjari, ingeingia lakini tarakimu zake za mwisho zingekadiriwa, na mtu akajikuta na utambulisho usio wake.

Jibu ni kukubali kwamba namba ya simu na namba ya kitambulisho si namba za kuhesabia. Hakuna anayejumlisha vitambulisho viwili. Hayo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, na yanapaswa kutunzwa kama maandishi.

Tupu likageuka sifuri

Turudi sasa kwenye ule mstari mtupu wa fomu ya zahanati.

Kisanduku kikiachwa bila kujazwa, kivinjari hupeleka jina lake pamoja na maandishi yasiyo na herufi hata moja. Kiunzi hulazimika kuamua: maandishi matupu yakigeuzwa kuwa namba, ni namba gani?

Katika Struts ya awali, zana iliyofanya kazi ya kugeuza ilitoa jibu la 0, isipokuwa mtengenezaji awe amebadilisha mpangilio mahususi kwa ajili hiyo. Lugha ya PHP nayo, ikilazimishwa kugeuza maandishi matupu kuwa namba kamili, hutoa 0. Java yenyewe ina aina ya namba, "int", ambayo haiwezi kabisa kuwa tupu. Sifa iliyotangazwa hivyo na isiyopewa thamani huwa 0 tangu jalada linapofunguliwa.

Matokeo yake ni kwamba muuguzi aliyesema "sijui" ananukuliwa kuwa amesema "hakuna". Zahanati kumi zilizokosa vitabu zitaonekana kama zahanati kumi zisizo na vifo. Anayepanga mgawo wa dawa, watumishi au fedha ataziona ni salama, na msaada utaelekezwa kwingine.

Tiba yake ipo. Mtengenezaji achague aina ya sifa inayokubali kuwa tupu, kama vile "Integer" badala ya "int", na akiambie kiunzi wazi kwamba maandishi matupu yabaki tupu. Ni uamuzi wa mstari mmoja, lakini lazima mtu aufanye.

Kisanduku cha kuweka alama ya vema kina shida inayofanana na hiyo. Kikiwekwa alama, jina lake hutumwa. Kisipowekwa, kivinjari hakitumi chochote, hata jina. Seva haiwezi kujua kama mtumiaji ameondoa alama au kama kisanduku hakikuwapo katika fomu. Mwananchi aliyeondoa ridhaa yake ya kupokea ujumbe anaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa ameridhia. Rails na Spring hutatua jambo hili kwa kuambatisha kisanduku cha pili kilichofichwa, ambacho husafiri daima na kuiarifu seva kwamba swali liliulizwa.

DHIS2 ilivyolishughulikia

Programu inayotumika nchini kukusanya takwimu za MTUHA ni DHIS2. Chimbuko lake ni mradi wa HISP ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Toleo la pili, linalotumika katika intaneti, lilianza kuandikwa katikati ya miaka ya 2000 kwa Java, likijengwa juu ya viunzi vya Spring na WebWork. Kenya ilianza kulitumia nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kazi hiyo, ililieneza mikoa yote kufikia mwaka 2013.

Waandishi wake walikabiliwa na swali ambalo viunzi vya kawaida havikulijibu. Fomu za afya hubadilika. Wizara inaweza kuongeza ugonjwa mpya au kugawa upya makundi ya umri. Kama kila mstari wa fomu ungekuwa sifa ya objekti, programu ingepaswa kuandikwa upya kila mara, na kila nchi ingehitaji programu yake.

Waliamua kwamba objekti inayopokea takwimu isiwe na sifa ya malaria wala sifa ya kuhara. Ina sifa chache zisizobadilika: kipengele gani kinahesabiwa, kwa kundi gani, kituo gani, kipindi gani, na thamani yake. Kila kipengele hupewa msimbo wa herufi na tarakimu 11, na kila kisanduku cha fomu hubeba msimbo huo badala ya jina la kawaida. Fomu ikibadilika, orodha ya misimbo hubadilika, na programu hubaki ilivyo.

Kila kisanduku hutumwa peke yake mara mwandikaji anapokiacha na kuhamia kingine. Thamani hukaguliwa kwa kulinganishwa na aina iliyotangazwa, kwa mfano namba kamili isiyopungua sifuri, na ikishahifadhiwa kisanduku hugeuka kijani. Mwandikaji haachwi akisubiri hadi mwisho ndipo aambiwe kwamba kati ya mamia ya tarakimu kuna moja yenye kasoro.

Kuhusu sifuri, DHIS2 ina mpangilio maalumu kwa kila kipengele. Kwa kawaida sifuri haihifadhiwi, kwa lengo la kupunguza wingi wa kumbukumbu, kwani fomu nyingi za afya zimejaa sifuri. Lakini msimamizi wa mfumo anaweza kutamka kwamba kwa kipengele fulani sifuri ina maana na lazima itunzwe.

Hapa programu imekwisha kutimiza wajibu wake, na uamuzi umerudi kwa binadamu. Msimamizi asipotoa tamko hilo kwa kipengele cha vifo, sifuri ya kweli ya muuguzi na nafasi tupu ya jirani yake zitalala mahali pamoja. Aidha, kitufe cha kutangaza kwamba fomu imekamilika chaweza kubonyezwa hata visanduku vingine vikiwa vitupu, iwapo masharti ya ziada hayakuwekwa. Ukamilifu wa fomu katika ripoti si lazima uwe ukamilifu wa taarifa.

Mlango wa nyuma

Kufungamanisha kwa jina kuna hatari nyingine, ya usalama. Kiunzi kinachoamini kila jina kinacholetewa kitaamini pia jina ambalo halikuwamo katika fomu.

Chukulia ukurasa unaomruhusu mtumiaji kubadilisha namba yake ya simu tu. Ukurasa una kisanduku kimoja, lakini jalada lililo nyuma yake lina sifa nyingine, tuseme "msimamizi", inayoeleza kama mtu huyo ana mamlaka juu ya mfumo. Mwenye nia mbaya anaweza kutunga ombi lake mwenyewe na kuongeza "msimamizi=ndiyo". Kiunzi kitalitafuta jina hilo, kitalipata, na kitaandika.

Machi 2012 jambo hilo lilitokea hadharani. Egor Homakov, kijana kutoka Urusi aliyekuwa ameonya kuhusu tatizo hilo bila kusikilizwa, aliongeza jina lisilokuwamo katika fomu ya tovuti ya GitHub. Aliambatisha ufunguo wake wa umma kwenye hesabu ya mtumiaji mwingine, akapata uwezo wa kuandika katika hazina ya mradi wa Rails wenyewe. Hakuharibu kitu, alitaka kuthibitisha hoja. GitHub iliziba pengo siku hiyo hiyo, na toleo la 4 la Rails, lililotoka mwaka 2013, likamlazimisha mtengenezaji kuorodhesha majina anayoyaruhusu.

Machi 31, 2022 ikawa zamu ya Spring. Kila objekti ya Java ina sifa iitwayo "class", inayoeleza asili yake. Spring ilikwisha kuufunga mlango huo mwaka 2010 baada ya shambulio la awali. Lakini Java 9, iliyotoka mwaka 2017, ilikuwa imeongeza sifa mpya, "module", na kwa kupitia njia hiyo ndefu ya majina mshambuliaji aliweza kufika kwenye mipangilio ya seva ya Tomcat na kupanda programu yake. Pengo hilo lilipewa jina la Spring4Shell na marekebisho yakatolewa siku hiyo.

Mafunzo ya matukio hayo mawili ni mamoja. Orodha ya kukataza haitoshi, kwa sababu hakuna ajuaye jina gani jipya litazuka kesho. Inayofaa ni orodha ya kuruhusu: majina haya yapokewe, mengine yote yaachwe nje.

Maswali ya kuuliza

Kwa Tanzania suala hili sasa lina sura ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ahakikishe ni sahihi na azilinde. Taasisi haiwezi kujitetea kwamba kosa lilifanywa na kiunzi.

Anayeagiza mfumo kutoka kwa mtengenezaji hahitaji kujua Java ili aupime. Aandike sifuri katika kisanduku kimoja, aache kingine kitupu, ahifadhi, kisha afungue tena aone kama bado vinatofautiana. Aandike tarehe 03/04 na aone inarudi ikiwa mwezi gani. Aweke simu inayoanza na sifuri na namba kamili ya NIDA, kisha azisome tarakimu kwa tarakimu. Aondoe alama ya vema, ahifadhi, na aangalie kama imerudi yenyewe. Kisha amwulize mtengenezaji amwoneshe orodha ya majina yanayoruhusiwa kupokewa.

Kazi hiyo huchukua muda usiozidi saa moja. Yafaa ifanywe kabla ya malipo ya mwisho kutolewa, na irudiwe kila fomu inapobadilishwa.

Muuguzi wa kijijini aliyeuacha mstari mtupu alifanya jambo la uaminifu. Alikiri kwamba hana hesabu. Ukiri wake ukifika wilayani ulivyo, mtu anaweza kuuliza kwa nini, na huenda kitabu kipya kikapelekwa Zombo mwezi ujao. Ukigeuzwa kuwa sifuri njiani, hakuna atakayeuliza.